Daftari la Kidonda

Ndugu msomaji, sisi tunaotamani kuandika riwaya huulizwa swali hilohilo kila mara: ulianza lini kuandika? Wenzangu hujibu kuwa walianza shuleni, walipokuwa wakisifiwa kwa insha zao. Hata mimi nilisifiwa, sikatai; mwalimu wetu wa Kiswahili wa kidato cha tatu alinisimamisha mara mbili niwasomee wenzangu. Lakini nikisema kweli ya Mungu, mimi nilianza kuandika mwezi wa saba mwaka 2021, mjini Tabora, ndani ya daftari la kurasa 48 lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Na nilichokuwa naandika hakikuwa riwaya wala shairi. Nilikuwa naandika kidonda cha mama yangu.

Mama alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, uvimbe wa miaka mingi. Alitokwa na damu mpaka midomo ikapauka, akipanda ngazi tatu za mlango wetu anakaa chini kupumua. Mwishowe akakubali kupasuliwa. Alipasuliwa siku ya Jumatatu, katika hospitali ambayo jina lake naliweka kapuni, na hapa naomba nieleweke: siliweki kapuni kwa ubaya. Wao kazi yao waliifanya. Walioharibu ni sisi wa nyumbani, na katika sisi wa nyumbani aliyeharibu zaidi ndiye anayekuandikia.

Ijumaa wakamruhusu. Sista mmoja mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, akatuita pembeni, mimi nimebeba kapu la vyombo, akasema polepole kama anayefundisha watoto wa chekechea: "Mshono huu msiuloweshe. Msiupake kitu. Bandeji hii iacheni mpaka Jumatatu mje niutazame, tutoe nyuzi. Mama akipata homa, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, au yakitoka maji yenye harufu, msingoje Jumatatu. Mmenielewa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ungekuwa mtihani ningepata mia kwa mia. Kumbe kusikia siko kushika.

Nyumbani tulimkuta shangazi, dada yake marehemu baba, amefika kutoka Sikonge na galoni ndogo ya asali mpya ya mwaka ule. Wa Tabora mnajua mambo ya asali na sisi. Kwetu asali ni chakula, ni mahari, ni dawa ya kifua, na kwa shangazi ni dawa ya kila kitu kilichopasuka, kuanzia midomo mpaka kwato za ng'ombe. Alikuwepo na mama mdogo, mdogo wake mama, ambaye ni mama lishe. Yeye na chumvi. Mikono yake imeungua mafuta mara ngapi sijui, na kila mara aliitumbukiza kwenye maji ya chumvi na ikapona. Na bibi wa nyumba ya pili hakukosa kuleta lake: papai bichi, limenywe, likunwe, libandikwe.

Jumamosi asubuhi mama akalalamika kuwa mshono unawasha, na bandeji ilikuwa na doa la maji upande wa chini. Shangazi akasema, "Tutazame tu, kutazama si kupaka." Bandeji ikabanduliwa. Na ilipokwisha kubanduliwa, nyumba ikageuka Bunge.

"Asali hapa, kesho mtakuta pamefunga."

"Wifi wa dada, asali huita sisimizi. Kidonda kinataka chumvi."

"Chumvi! Unataka kumkaanga mgonjwa?"

Mimi nilisimama mlangoni nikiwacheka moyoni. Mimi ni msomi bwana, nimemaliza kidato cha nne, Biolojia nilipata C. Hawa wanabishana mambo ya kale, na dunia imeshavumbua antibayotiki! Kabatini kulikuwa na kapsuli za rangi mbili zilizobaki mdogo wangu alipoumwa jino. Mchana, shangazi akiwa uani na mama mdogo amerudi kwenye biashara yake, niliingia chumbani kwa mama, nikafungua kapsuli mbili, nikanyunyiza unga wake juu ya mshono. Mama akaniuliza, "Sista alisemaje, baba?" Nikamjibu, "Hii ni dawa ya hospitali, mama." Maneno hayo yalikuwa kweli, na yalikuwa uongo. Jumapili asubuhi nikarudia.

Ule unga ulikunywa maji ya kidonda ukawa gaga gumu, la rangi ya chungwa lililooza. Juu pakawa pakavu kabisa. Nikachukua daftari, maana nilikuwa nimejiahidi kuandika habari za ugonjwa wa mama kila siku, nikiwaza kuwa siku moja zitanifaa katika riwaya, nikaandika: "Jumapili. Kidonda kimekauka. Kinapendeza."

Sasa sikiliza, msomaji, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Nilipokuwa naandika sentensi ile nilikuwa nimeshaona kitu kingine. Upande wa chini, nje ya gaga, ngozi ilikuwa nyekundu, imetuna, inang'aa. Niliigusa kwa nyuma ya kidole nikasikia moto. Sikukiandika. Kwa nini? Kwa sababu kilikuwa kinaharibu hadithi yangu, na katika hadithi yangu shujaa alikuwa mimi.

Usiku ule mama alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Shangazi akasema malaria. Mama mwenyewe akasema, "Msiwasumbue watu usiku." Tukangoja mpaka kukapambazuka, tukamtia kwenye bajaji, kila shimo la barabara anauma kanga asipige kelele.

Sista yuleyule alikuwepo zamu. Akalowesha gozi kwa maji ya chumvi, akaliweka juu ya lile gaga, akangoja, akalibandua kidogokidogo. Kisha akauliza bila kutuangalia: "Nani kaweka unga huu?"

Kimya. Shangazi akamtazama mama mdogo. Mama mdogo akamtazama shangazi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Mama akasema, "Ni mimi, sista."

Daktari alipofika alitoa nyuzi sehemu mbili, juu na chini. Sitaandika kila kitu kilichotoka, wengine mnasoma mkiwa mezani. Niseme tu kuwa usaha ulijaza kibakuli cha chuma walichokinga, na harufu yake niliondoka nayo kwenye shati. Mama akalazwa tena, akawekewa dawa za mshipa, na zile sehemu mbili hazikushonwa. Ziliachwa wazi, kidonda kijae kutoka chini kwenda juu. "Kikifunga juu wakati chini kuna uchafu," sista alisema, "hicho hakijapona, kimejificha." Kisha akatugeukia sote: "Nyie mlikuwa mnagombania paa, na moto uko uvunguni."

Nimelifikiria sana neno lile. Siku mbili nzima sisi tulishindana kipi kipakwe juu: asali, chumvi, papai, unga wa kapsuli. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kuna nini chini. Na dawa niliyoichagua mimi msomi ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Kapsuli imetengenezwa imezwe, iingie kwenye damu, ifike mahali kwa kipimo. Ukiinyunyiza juu ya kidonda haifiki kwenye usaha ulioko chini, unga wenyewe haukusafishwa kwa ajili ya nyama iliyo wazi, unaweza kumletea mtu mzio, na vijidudu vinavyoonjwa dawa kidogokidogo ndivyo vinavyojifunza kuishinda. Zaidi ya yote, lile gaga lilitufungia macho. Mimi niliandika "kimekauka" kama sifa. Baadaye nilikuja kusoma kuwa mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kuwa kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevunyevu huota ngozi upesi kuliko kilichoachwa kikauke na kufanya gaga. Miaka yote hiyo imepita, na sisi huku mtaani bado tunasema, "Kiache kipigwe upepo kikauke."

Siku ya tatu sista aliliona daftari langu. Akalisoma, mimi jasho linanitoka. Akafika kwenye "Kinapendeza", akacheka.

"Kinapendeza ndiyo nini? Harusi? Ukitaka kuandika kidonda, andika urefu. Andika kina. Andika rangi ya chini na rangi ya kando. Andika maji yake, mengi au machache, na harufu ipo au haipo. Halafu andika mgonjwa amekula nini na amelalaje. Hayo mengine ya kupendeza mwachie mwenye kusoma."

Msomaji, nimehudhuria semina ya uandishi mara moja, tena ya kulipia. Sikupata somo zuri kama lile.

Tangu siku ile nikaandika kama alivyosema. Tundu la juu: urefu sentimita 2, kina sentimita 1. Tundu la chini: urefu sentimita 4 na nusu, kina sentimita 2 na nusu. Alinipimia yeye mwenyewe kwa kijiti safi cha pamba na rula. Kila asubuhi akinawa mikono kwanza, kila asubuhi, hata kama alinawa dakika tano zilizopita, kisha akaosha matundu kwa maji ya chumvi na kuyajaza gozi lililoloweshwa.

Kuhusu maji hayo ya chumvi, mama mdogo alitembea kifua mbele. "Si niliwaambia?" Lakini sista alimweleza kuwa ya hospitali yana gramu 9 za chumvi kwa lita moja, karibu sawa na yalivyo maji ya mwilini, ndiyo maana hayachomi. Mama mdogo akaulizwa yeye huweka kiasi gani. Akaonyesha ngumi. Hiyo ni ya kuhifadhia samaki. Tena si lazima kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi. Uchunguzi uliolinganisha hayo na maji ya bomba yaliyo safi haukuona kuwa maji ya bomba yanaongeza kuoza. Cha muhimu ni usafi, na kama bomba lenu mnalitilia shaka, chemsheni maji kisha myaache yapoe.

Shangazi naye hakukata tamaa. Kila alipokuja na chakula alikuja na kichupa cha asali ndani ya pochi. Kufika siku ya tano, usaha umekwisha na nyama imeanza kuwa nyekundu mbichi, sista akazungumza na daktari, kisha akamwambia, "Haya, shangazi. Tundu la juu tutaweka asali, ila si hii ya galoni lako, ni ya hapa tunayoiweka sisi. La chini linaendelea na maji ya chumvi. Mwandishi ataandika."

Basi nikaandika. Tundu la juu lilifunga siku ya 13. La chini lilifunga siku ya 29, mama akiwa nyumbani tayari na sisi tunampeleka kusafishwa kila asubuhi. Shangazi alipiga vigelegele uani majirani wakadhani tumepata mchumba. Mimi nikaandika kwa herufi kubwa: ASALI IMESHINDA. Nikampelekea sista.

Akaniuliza maswali matatu tu. Tundu la juu lilikuwa sawa na la chini? Hapana, lilikuwa dogo, nusu yake. Dawa za mshipa zilikwenda tundu gani? Yote mawili. Na mayai, maharage, dagaa na usingizi, vilikwenda wapi? Nikakaa kimya. "Basi hujui," akasema. "Wala mimi sijui. Ukitaka kushindanisha wakimbiaji, waanze mstari mmoja."

Ndipo nikaanza kutafuta walioanzia mstari mmoja. Nilikwenda maktaba ya mkoa, nikamsumbua rafiki yangu anayesomea uganga, nikasoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Nakuletea niliyoyapata, kwa kipimo chake, bila kupendezesha.

Asali kwanza, maana ndiyo kongwe. Katika mafunjo ya Wamisri wa kale yanayoitwa ya Edwin Smith, yaliyoandikwa kama miaka 1600 kabla ya Kristo, majeraha yalitibiwa kwa asali na mafuta. Haikuwa bahati tu. Asali huvuta maji kutoka kwa vijidudu vikakauka, ina uchachu, na ikichanganyika na maji ya kidonda hutoa kidogokidogo ile dawa ya povu, haidrojeni peroksaidi. Mwaka 1999 ulichapishwa uchunguzi wa wanawake 50 ambao mishono yao ilioza baada ya kujifungua kwa upasuaji au kutolewa kizazi, yaani kama mama yangu. Wanawake 26 walipakwa asali mara mbili kwa siku, na 24 walipakwa spiriti na iodini. Wa asali walipona kwa wastani wa siku 11 hivi. Wa spiriti na iodini, siku 22. Nilipoisoma hiyo nilitaka kumpigia simu shangazi palepale. Lakini nikakumbuka rula ya sista. Wanawake 50 ni wachache, na asali hapo ilishindana na spiriti na iodini, haikushindana na maji ya chumvi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015, yaliyokusanya majaribio mengi na kuyapima, yalisema asali inaelekea kuponya mishono iliyooza upesi kuliko kupaka dawa za kuua vijidudu na kufunika kwa gozi, na hayakuisifu hivyo kwa kila aina ya kidonda. Tena asali ya hospitali hupitishwa kwenye mionzi, kwa sababu asali ya mzinga inaweza kubeba mbegu za vijidudu ambazo tumboni mwako mtu mzima hazina neno, lakini ndani ya kidonda ni habari nyingine.

Iodini, spiriti na wenzake: hawa ni askari wakali. Kabla ya kupasuliwa, juu ya ngozi nzima, kazi yao ni kubwa, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2016 linataka ngozi ipakwe dawa yenye spiriti na klorheksidini. Ila ndani ya nyama iliyo wazi askari mkali hapigi mwizi tu, hupiga na mwenye nyumba. Aliyeliona hili vizuri ni Alexander Fleming, kabla hajagundua penisilini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa Boulogne, Ufaransa, akichunguza majeraha ya askari. Alitengeneza bomba la kioo lenye vichomo vingi mfano wa jeraha lenye mapango, akaonyesha kuwa dawa kali haziingii mapangoni vijidudu vinakojificha, na wakati huohuo zinaua chembe za damu zinazopigana upande wetu. Mkubwa wake, Almroth Wright, akatetea maji ya chumvi. Mama mdogo alifurahi kusikia ana mwenzake Mwingereza.

Papai si upuuzi wa bibi. Lina kimeng'enya kinachoyeyusha nyama iliyokufa. Ndiyo maana mama lishe huliweka kwenye nyama ngumu. Mjini Banjul, nchini Gambia, watoto walioungua walikuwa wakiwekewa papai lililopondwa kila siku, na habari zake zilichapishwa mwaka 1999. Lakini mshono mpya hauna nyama iliyokufa ya kuyeyushwa. Ungembandikia mama papai Jumamosi ile, lingeyeyusha nini?

Sukari ina hadithi ninayoipenda. Moses Murandu, nesi aliyezaliwa Zimbabwe, utotoni alipojikata baba yake alimtia chumvi, na siku baba alipokuwa na pesa alimtia sukari. Mtoto akaona ya sukari hupona upesi. Alihamia Uingereza mwaka 1997, akashangaa kuona hawaitumii, akaja kuifanyia utafiti katika Chuo Kikuu cha Wolverhampton, na mwaka 2018 akapewa tuzo na jarida la wataalamu wa vidonda. Nimeipenda kwa sababu hakuishia kusema "babu zetu walijua". Alipima.

Na mafuta ya kawaida ya kupaka? Mwaka 1996, huko Marekani, watu zaidi ya 900 waliofanyiwa upasuaji mdogo wa ngozi waligawanywa: wengine wakapakwa mafuta meupe ya petroli, wengine marhamu ya antibayotiki. Waliooza upande wa mafuta walikuwa 2 kwa 100, upande wa antibayotiki karibu 1 kwa 100, tofauti ambayo kwa hesabu inaweza kuwa bahati tu. Waliopata mzio wa ngozi walikuwa upande wa antibayotiki. Nilipoifikia hii nilifunga simu nikatoka nje kutembea. Ule unga wangu wa rangi mbili!

Ukinilazimisha niseme kwa neno moja, msomaji, kipi bora, nitakujibu kama sista: kwa kidonda gani? Mshono safi uliofungwa hautaki chochote zaidi ya kitambaa safi na kuachwa. Mwongozo ule wa 2016 unasema hata bandeji za gharama kubwa si lazima kwake. Mshono uliooza unataka kufunguliwa kwanza. Kidonda kilicho wazi na kisafi kinataka unyevunyevu, na hapo ndipo asali inapopata nafasi yake. Nyama hujengwa na mwili wenyewe. Kazi ya dawa ya juu ni kuupisha mwili ufanye kazi. Na anayeweka dawa kabla ya kutazama ni kama mimi.

Shirika hilohilo lilisema mwaka 2016 kwamba Afrika, hadi wanawake 20 kati ya 100 wanaojifungua kwa upasuaji hupata kidonda kilichooza. Hao ni dada zetu. Kila mmoja ana shangazi mwenye galoni, na kila mmoja ana msomi mmoja mwenye kapsuli kabatini.

Nimebakiza jambo moja, na ni kwa ajili yake nimeandika haya yote.

Sista nilimwambia ukweli wiki ya pili, uani, wakati anaanika glovu zake za usafi. Akasema, "Nilijua. Mwenye mshono wa tumbo hawezi kuinama akajinyunyizia vizuri namna ile. Mimi umeniambia, vizuri. Wamebaki wenyewe." Sikuwaambia wenyewe. Maana mama aliposema "ni mimi", shangazi aliamini kuwa anamfichia mama mdogo, na mama mdogo akaamini kuwa anamfichia shangazi. Wale watu wawili waliopikia chungu kimoja tangu sijazaliwa waliacha kusalimiana. Shangazi alirudi Sikonge bila kuaga. Siku ya Idi mmoja alikuja asubuhi, mwingine akaja jioni. Kidonda cha mama kilifunga kwa siku 29. Hiki kingine kilikaa mwaka mzima, juu pakavu kabisa.

Mwaka 2022, tulipofanya dua ya kumkumbuka baba, wote walikuwepo. Baada ya chakula nililitoa daftari nikasema nina kitu cha kusoma. Wakadhani ni hadithi. Nikasoma ukurasa wa Jumamosi na wa Jumapili, na yale ambayo sikuyaandika nikayasema kwa mdomo, mpaka kwenye viatu vyangu.

Hakuna aliyenipiga. Bora wangenipiga. Shangazi alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Ungesema siku ile, ningekuwa nimemsalimia mwenzangu mwaka mzima huu." Mama mdogo akainuka, akaenda kukaa mkeka mmoja naye, hakusema kitu, akaanza kuchambua mchele uliokuwa umekwisha kuchambuliwa.

Jioni nilimuuliza mama kwa nini alisema ni yeye. Akajibu, "Nilikuona unavyotetemeka, nikajua utasema mwenyewe kesho yake. Sikujua kesho yako ni ndefu hivyo."

Daftari ninalo hadi leo. Riwaya bado naiandika, na kila ninapofika mahali pananoga kupita kiasi huwa nalifungua kwenye ule ukurasa. Neno "Kinapendeza" nimelipiga mstari mmoja, lisomeke bado, na chini yake nimeandika kama nilivyopaswa kuandika: "Jumapili. Juu kikavu, kuna gaga kwa sababu ya unga niliouweka mimi. Upande wa chini ni mwekundu, umetuna, ni wa moto. Ninaogopa."